Mbolea ya Bwawa: Unalisha Samaki au Konokono?

Leo tuongee kuhusu konokono wa bwawani, wakulima vijana wa Chumbageni na Tanga yote.

Msimu uliopita kijana mmoja aliniita kwenye bwawa lake la perege nje kidogo ya mji. Maji kijani kibichi, mwenyewe anafurahi. Nilipoangalia ukingoni, kila unyasi umebeba konokono. Akaniuliza, "Bwana shamba, hawa wametoka wapi?" Nikamwambia, sijui walikotoka, ila umewalisha wewe.

Mbolea ya kuku ina naitrojeni na fosforasi nyingi. Ikiingia majini, mwani mdogo unastawi (siyo ule wa baharini tunaoulima). Sehemu yake inaelea, na hiyo ndiyo chakula cha perege. Sehemu nyingine inashika kwenye nyasi, mawe na kingo, inachanganyika na bakteria na kuvu, unakuwa utando unaoteleza. Hapo ndipo konokono anapokula. Ulimi wake una meno madogo mengi kama tupa, anakwangua taratibu. Utando ukiwa na rutuba nyingi, anakua haraka na kutaga mayai mengi.

Wengine hudhani mbolea ikizidi konokono watakufa. Thubutu! Mwani ukijaa sana, usiku unamaliza oksijeni. Alfajiri utakuta perege wanahema juu ya maji, na wengine wamekufa. Lakini konokono aina ya Bulinus ana pafu, anapanda juu anavuta hewa. Anayeumia kwanza ni samaki wako.

Sasa hatari yenyewe. Hapa pwani kichocho kilichozoeleka ni cha mkojo, na anayekibeba ni Bulinus. Konokono mwenye vimelea akishiba vizuri, hutoa vimelea vingi zaidi majini. Mtambue hivi: vaa glavu, simamisha gamba ncha ikiwa juu, mdomo ukutazame. Mdomo ukiwa upande wa kushoto, shuku Bulinus.

Hapa nijisahihishe. Nimewafundisha wengi kupima rangi ya maji kwa kuzamisha mkono hadi kiwiko. Kwenye bwawa lenye konokono hawa, acheni. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi, na huwa vingi zaidi mchana jua likiwaka. Fanya hivi badala yake:

1. Paka mfuniko wa kopo rangi nyeupe, ufunge kwenye fimbo yenye alama za sentimita. Ukipotea machoni kwenye sentimita 30 hadi 40, rutuba inatosha. Ukipotea kabla ya 25, simamisha mbolea.

2. Weka mbolea kidogo kidogo ndani ya kiroba kilichotobolewa. Usimwage gunia zima kwenye kona moja.

3. Fyeka nyasi za kingo na uondoe majani ya majini ukiwa na buti na glavu ndefu. Kingo ziwe na mteremko mkali, maana konokono hupenda maji ya kina kifupi yenye majani.

4. Maji ya bwawa yapeleke kwenye migomba au mboga, siyo mtoni. Rutuba ile ile itakuza utando kule wanakooga watoto.

5. Jenga choo, na asikojoe mtu majini. Bila mayai ya kichocho kutoka kwa mgonjwa, konokono hana cha kukuambukiza.

6. Ukivuna, kausha bwawa na uweke chokaa. Bulinus hujificha kwenye tope akisubiri mvua, kwa hiyo kukausha peke yake hakutoshi. Sumu usimwage, utaua samaki.

Hiyo ya kuondoa majani imejaribiwa. Senegal, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la Nature ulionyesha kwamba kuyaondoa kwenye maeneo watu wanakotumia maji kulipunguza maambukizi kwa watoto. Majani yakawa mboji na chakula cha mifugo, rutuba ikarudi shambani.

Yule kijana nilimshauri aende kwanza zahanati, ndipo turudi kwenye bwawa. Nawe kama umekuwa ukiingia majini bila buti, kapime hata kama huoni damu kwenye mkojo. Dawa ipo, praziquantel. Bwawa linataka mkulima mwenye afya.

Kesho asubuhi, kabla hujabeba kiroba cha mbolea, zunguka kingo zako kwanza uangalie.