Simu ya Daraja la Juu, Ikipimwa kwa Joto la Uvira

Ubishi wa Samsung na iPhone kwenye maduka ya simu, kuanzia Mulongwe hadi Kavimvira, huamuliwa kwa namba. Mtu anafungua video, anaonyesha mstari wa simu hii ukiwa mrefu kuliko wa ile, na mazungumzo yamekwisha. Namba hizo hupatikana ndani ya chumba chenye ubaridi, betri ikiwa imejaa, kwa dakika chache tu. Wewe utaitumia simu hiyo kwenye joto la bonde la Ruzizi, umeme ukija na kuondoka, laini mbili zikifanya kazi pamoja. Simu iliyoshinda kwenye jedwali inaweza kushindwa hapa na iliyoshika nafasi ya pili, au hata na ya mwaka juzi.

Namba zenyewe si za uongo. Kipimo kinachotajwa sana, Geekbench 6, hutoa alama mbili: ya kiini kimoja cha chipu, na ya viini vyote vikifanya kazi pamoja. Galaxy S24 Ultra ya Januari 2024 hupata takriban 2,200 na 7,000. iPhone 15 Pro Max, iliyoitangulia kwa miezi minne, hupata karibu 2,900 na 7,200. Mwaka uliofuata Samsung ilipiga hatua kubwa: S25 Ultra huvuka 3,000 kwa kiini kimoja na kukaribia 9,800 kwa vyote, huku iPhone 16 Pro Max ikiwa mbele kwenye kiini kimoja (kama 3,400) na nyuma kwenye vyote (kama 8,500). Alama ya kwanza ndiyo inayohusika unapofungua programu au ukurasa wa intaneti. Ya pili inahusika unapohariri video ya harusi ya saa nzima. Waliotunga kipimo hicho waliipa kompyuta yenye Intel Core i7-12700 alama 2,500 ili iwe kigezo, yaani simu hizi zinabanana na kompyuta za mezani. Kwa WhatsApp, Facebook na picha za ubatizo hakuna jicho litakaloona tofauti kati yao, na anayekuambia ameiona ana kitu cha kuuza.

Makampuni nayo hujua simu inapopimwa. Mwaka 2018 simu za Huawei, P20 ikiwemo, zilikutwa zikijiongezea nguvu pale tu zilipoitambua programu ya kipimo. Wenye 3DMark, programu nyingine ya kipimo, wakaziondoa kwenye orodha yao. Machi 2022 ikawa zamu ya Samsung: programu yake ya kusimamia michezo ilikuwa ikizipunguzia kasi programu nyingi za kawaida huku ikiziacha za kipimo zikimbie, na Geekbench wakafuta alama za Galaxy kuanzia S10 hadi S22. Apple ilikuwa imekiri tangu Desemba 2017 kwamba inazipunguzia kasi iPhone zenye betri iliyochoka, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 huko Marekani kumaliza kesi hiyo.

Sasa joto, ambalo ndilo mwamuzi wa kweli huku kwetu. Apple na Samsung zote zinaelekeza simu itumike mahali ambapo joto la hewa halizidi nyuzi 35. Mwisho wa kiangazi, mchana, ukiwa Kiliba au Sange, hewa yenyewe inakisogelea kikomo hicho, na simu iliyowekwa mbele ya kioo cha gari inakivuka mbali. Chipu ikisukumwa kwa nguvu zote hula wati 10 au zaidi ndani ya kitu chembamba kisicho na feni. Joto likipanda, simu inajipunguzia kasi ili isiungue: kioo kinafifia, mchezo unakwama, kuchaji kunasimama, na kamera inaweza kukatiza video katikati ya kiapo cha bwana harusi.

Kwa hiyo ukisoma majaribio ya simu, ruka alama ya kwanza, utafute ya uvumilivu. 3DMark ina jaribio la mizunguko 20 kwa dakika 20, kisha hutoa asilimia: mzunguko dhaifu ulibaki na kiasi gani cha nguvu za mzunguko bora. Simu nyingi za daraja la juu huishia kati ya asilimia 50 na 75, na hizo ni za chumba chenye ubaridi. Simu inayoanza na alama 100 na kuishia 55 ni dhaifu kuliko inayoanza na 85 na kubaki na 65, ingawa tangazo litaisifu ile ya kwanza. iPhone 15 Pro ililalamikiwa kwa joto mara tu ilipotoka Septemba 2023, hadi Apple ikatoa iOS 17.0.3 mwezi uliofuata. Ni kwenye iPhone 17 Pro ya 2025 ndipo ilipoanza kutumia chumba cha mvuke cha kusambaza joto, kifaa ambacho Samsung imekitumia miaka mingi kwenye simu zake kubwa.

Upande wa Android jambo la kujua ni jina la chipu. Snapdragon 8 Gen 1 ya 2022 ilijulikana kwa kupata moto. 8 Gen 2 iliyofuata, iliyotengenezwa na TSMC badala ya viwanda vya Samsung, ilikuwa tulivu zaidi na ikala betri kidogo. Ndiyo maana Galaxy S22 ya kizazi cha 8 Gen 1, hata ikiwa safi na bei imeshuka, mimi singeichukua kwa matumizi ya huku, na S23 yenye 8 Gen 2 ningeichukua bila kusita.

Unaweza kulipima hili mwenyewe bila kushusha programu inayokula mega zako. Mwombe muuzaji simu zote mbili unazosita kati yazo, zikiwa zimejaa chaji na bila kava. Toka nje mchana, kivulini. Rekodi video ya 4K kwa kila moja, mwanga wa kioo ukiwa juu kabisa, dakika 15 mfululizo. Kisha angalia mambo matatu: je, video ilikatika? Kioo kimefifia? Betri imeshuka kwa asilimia ngapi? Hapohapo, simu zikiwa bado moto, fungua kamera, ramani na WhatsApp moja baada ya nyingine na uone ipi inachelewa. Muuzaji akikataa dakika hizo kwa simu ya mamia ya dola, amekujibu tayari.

Linalowaumiza watu zaidi halimo kwenye majaribio yoyote, nalo ni asili ya simu. Simu nyingi za hapa hazikutengenezewa soko la Kongo. Zimepitia Dubai, Ulaya au Marekani, zikavuka Bujumbura au zikashuka kutoka Bukavu. Jina kwenye boksi ni lilelile, lakini ndani kuna tofauti.

Kwanza, chipu. Galaxy S20 ya Ulaya ilikuwa na Exynos 990, ya Marekani Snapdragon 865, na ile ya Ulaya ndiyo iliyopata moto na kumaliza betri haraka. Mgawanyiko huo ulirudi kwenye S24 na S24+: zenye namba inayoishia na B, kama SM-S921B, zina Exynos 2400, na za Marekani zinazoishia na U zina Snapdragon 8 Gen 3. Tofauti safari hii ni ndogo. S24 Ultra, familia ya S23 na familia ya S25 (isipokuwa zenye jina la FE) zina Snapdragon popote zilikouzwa, kwa hiyo hapo huchezi kamari. Namba hiyo ya modeli iko kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Usiisome kwenye boksi, maana boksi hubadilishwa.

Pili, tundu la laini. iPhone 14, 15 na 16 zilizouzwa Marekani hazina kabisa mahali pa kuingiza kadi ya SIM; zinatumia eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu. Kwa iPhone 17 hali hiyo imefika Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Oman, Kuwait na Bahrain, yaani Dubai yenyewe tunakoagizia. Mtu mwenye Vodacom ya M-Pesa, Airtel ya mega na laini ya Burundi ya kuvukia Gatumba anaweza kujikuta na simu ya bei ghali isiyopokea hata kadi moja. Kabla ya kulipa, nenda kwenye duka la kampuni yako ya simu hapahapa Uvira, si kwa maneno ya mtu wa Kinshasa, uulize kama wanaweza kukuwekea eSIM siku hiyohiyo, na kama wanaweza kuirudisha laini hiyo simu ikipotea. Kwenye iPhone, namba ya modeli inayoishia na LL/A ni ya Marekani. Herufi yake ya kwanza nayo inasema: M ni iliyouzwa mpya, F imekarabatiwa na Apple, N ilitolewa kama mbadala wa iliyoharibika.

Tatu, kufuli. Simu ya kampuni ya Marekani inaweza kuwa imefungwa isikubali laini nyingine, na iPhone iliyounganishwa na akaunti ya mmiliki wa zamani haina thamani mikononi mwako. Ingiza laini yako, piga simu, washa intaneti, kisha ifute simu yote mbele ya muuzaji na uianzishe upya. Ikiomba nenosiri la mtu usiyemjua, rudisha.

Uhifadhi nao una siri yake: S23 na S24 za gigabaiti 128 zina UFS 3.1, lakini za 256 zina UFS 4.0 yenye kasi zaidi. Na RAM (ninamaanisha kumbukumbu ya kazi, si ile kodi iliyokula yunite zetu tangu 2020 hadi ilipofutwa 2022) usiilinganishe kati ya Android na iPhone. Gigabaiti 8 za iPhone 15 Pro hutumika kwa utaratibu mwingine kabisa na 12 za S24 Ultra.

Umeme wa Ruzizi ukirudi saa mbili usiku na kukatika saa tatu, nguvu ya simu unayoihitaji ni ile ya kumeza chaji. Samsung inasema S24 Ultra hufika asilimia 65 kwa nusu saa kwa chaja ya wati 45. Apple inasema iPhone 15 Pro Max hufika asilimia 50 kwa kama nusu saa au zaidi kidogo. Hapo Samsung inashinda waziwazi, na baadhi ya Xiaomi za wati 90 zinazishinda zote. Lakini Apple iliacha kuweka chaja kwenye boksi tangu iPhone 12, Samsung tangu S21. Chaja ya bei poa ya pembeni mwa barabara hutoa wati 5 au 10, na mbio zote zinaishia hapo. Ya Samsung inataka chaja yenye alama ya PPS pamoja na waya wake wa ampea 5. Kwa wanaochaji kwa jua: betri ya 5,000 mAh ina takriban wati-saa 19, hivyo paneli ndogo ya wati 10 itachukua zaidi ya saa mbili za jua kali, pengine tatu. Na usiiache simu juani pamoja na paneli.

Mtandao ukiwa hafifu, simu hupaza nguvu ya mawimbi yake na betri hushuka hata ukiwa hujaigusa. Barabara ya Makobola hadi Baraka, katikati ya mlima na ziwa, ni mahali pazuri pa kuona hilo. 5G iliyoandikwa kwenye boksi haina kazi pale mnara unapotoa 3G. Izime, ubaki na 4G, utapata saa za ziada.

Maji, kwa kifupi: kinga ya IP68 ya Samsung ni mita 1.5 za maji yasiyo na chumvi kwa nusu saa, ya iPhone ni mita 6. Ahadi hiyo hufa siku kioo kinapobadilishwa na fundi. Ziwa Tanganyika nalo lina kina cha karibu mita 1,470, kwa hiyo mfuko wa plastiki ndani ya mtumbwi bado una kazi.

Kama simu imetumika, angalia afya ya betri kwenye iPhone. Ikiwa chini ya asilimia 80, hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei. iPhone 15 na zilizofuata huonyesha pia mizunguko ya kuchaji, na tangu iOS 15.2 simu hutaja sehemu zilizobadilishwa. Kwenye Samsung piga *#0*# ujaribu kioo, spika na kamera. Simu isiyofungua ukurasa huo, ichunguze mara mbili kabla ya kuamini kuwa ni Samsung.

Kwa maoni yangu, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka achukue S23 Ultra au S24 Ultra. Mpiga video achukue iPhone 15 Pro ya Ulaya yenye tundu la laini. Mtu wa WhatsApp na M-Pesa achukue Tecno Camon au Samsung ya kati, na kinachobaki anunue paneli na chaja halali. Yeyote kati yao apige *#06#, alinganishe namba ya IMEI na ya boksi, kisha adai risiti yenye namba hiyo, tarehe, bei kwa dola au kwa franga, na siku ambazo duka litaipokea tena simu ikionyesha kasoro.