SOMO: NAMNA GANI TABIA INABADILIKA?



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo tunasikia maneno yale yale. Wakubwa wa vyumba wanalalamika kama wadogo hawasikii. Wadogo wanalalamika kama wakubwa wanawatesa. Kisha watu wanasema: "Waazibiwe, ndipo watabadilika!" Katika somo hili tunataka kuuliza kama maneno hayo ni ya kweli. Neno hili linatuhusu sisi wote, sababu wengine kati yetu wanaongoza darasa, wengine wanafundisha watoto siku ya Mungu, na kwetu nyumbani tuna wadogo wanaotuangalia.

Wazee wanasema: samaki mukunje angali mubichi. Ni kweli. Lakini hata samaki mubichi, ukimukunja kwa nguvu, anavunjika. Basi tujifunze namna ya kukunja.

1. MUTOTO ANAFUATA KILE ANACHOONA

Mwaka 1961, mwalimu mumoja wa Marekani, jina lake Albert Bandura, pamoja na wenzake, walipima watoto 72 wa miaka 3 mpaka karibu 6. Watoto wengine waliona mutu mukubwa anapiga mwanasesere mukubwa na kumutukana. Wengine waliona mutu mukubwa anacheza kwa utulivu. Wengine hawakuona kitu. Nyuma yake, kila mutoto aliingizwa katika chumba chenye vitu vya kuchezea, na mwanasesere alikuwa mule. Watoto walioona mapigo walipiga sana kuliko wengine, tena wengine kati yao walirudilia hata maneno yale yale waliyosikia.

Hakuna mutu aliyewaambia, "Mupige." Waliona tu. Basi mukubwa anayempiga mudogo wake kofi kusudi amufundishe asipige wengine, anamufundisha nini? Anamufundisha kupiga. Na hapa ndipo tunafahamu juu ya nini mateso ya wanafunzi wapya hayaishi katika nyumba nyingi za kulala. Wa leo wanasema: "Hata sisi walitutesa." Mwaka unaokuja, wale walioteswa watasema vile vile.

2. KUSIKIA SI KUAMUA

Wengi wanafikiri kama inatosha kueleza watu vizuri. Kurt Lewin, mwalimu aliyetoka Ujerumani mwaka 1933 na kwenda Marekani, alionyesha kama haitoshi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, kule Marekani walitaka wamama wapikie jamaa zao moyo, figo na nyama zingine za ndani. Kwetu watu wanazipenda, lakini wamama wengi wa kule walizichukia.

Walichukua vikundi sita vya wamama, kila kikimoja watu 13 mpaka 17. Vikundi vitatu vilipewa hotuba nzuri: faida ya nyama zile, bei yake, namna ya kuzipika. Katika vikundi vitatu vingine wamama wenyewe walizungumza: juu ya nini tunazichukia? Bwana na watoto watasema nini? Harufu tutaiondoa namna gani? Mwisho wakaulizwa: nani atajaribu juma hili? Wakainua mikono mbele ya wenzao.

Matokeo yalitolewa mwaka 1943. Kati ya wamama waliosikia hotuba, 3 tu katika 100 walipika nyama ambayo hawakuipika mbele. Kati ya wale waliozungumza na kuamua, walikuwa 32 katika 100. Tuangalie vizuri: si wote waliobadilika. Tena hawa wa pili waliambiwa kama wataulizwa nyuma. Lakini tofauti iko kubwa. Mutu anashika neno aliloamua mwenyewe, mbele ya wenzake, kwa siku inayojulikana.

3. MUFANO WA INCHI YETU

Tusifikiri kama mambo haya ni ya wazungu tu. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, na uliingia Ituri pia. Uliisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 walihesabiwa kama wagonjwa, na 2.287 walikufa.

Kwa mwanzo watu wengi walikataa. Waliona magari ya wageni, watu waliofunikwa mwili muzima, wagonjwa wanapelekwa na hawarudi, maiti zinazikwa na watu wasiojulikana. Mwezi wa pili wa 2019, vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Kuhubiri usafi kwa sauti kubwa haikuondoa woga ule.

Kitu gani kilisaidia? Kusikiliza watu kwanza. Jamaa waliruhusiwa kuangalia mazishi na kuaga mutu wao bila kumugusa. Kule Beni walitumia vyumba vyenye kuta za kupenyeza macho, na jamaa waliona mugonjwa wao na kusemeshana naye. Tena wale waliopona walikubali kubeba na kutunza watoto wadogo ambao wazazi wao walikuwa wagonjwa. Mutu akimuona jirani aliyepona, hahitaji hotuba ndefu.

4. NAMNA YA KUSHAURI MUTU MUMOJA

Tuseme mwanafunzi mwenzetu anaiba chakula katika masanduku ya wengine. Tufanye hivi:

a) Tumuite pembeni. Haya mbele ya watu inamufundisha kujificha vizuri zaidi, haimufundishi kuacha.

b) Tuulize, kisha tunyamaze. Labda kwao hawakumutumia kitu miezi miwili. Njaa na uchoyo si ugonjwa mumoja, na dawa yao si moja.

c) Tuseme tendo, si mutu. Tusimuite "mwizi." Tumwambie: "Ulichukua unga wa mwenzako." Mutu aliyepewa jina baya analivaa kama nguo.

d) Tutafute pamoja kitu kidogo anachoweza kufanya: kurudisha, kuomba kwa wazi, kusema shida yake kwa mwalimu. Kumukataza bila kumuonyesha njia ingine haina faida.

e) Tupange siku ya kuulizana tena. Na kama amesonga mbele hata kidogo, tumusifu.

5. NAMNA YA KUBADILISHA KIKUNDI

Juu ya mateso ya wapya, vyumba vikutane kabla wapya hawajafika. Kila mutu aseme bila kuogopa: walinifanyia nini mwaka wa kwanza, na nilisikia namna gani katika roho? Kisha chumba chenyewe kiamue, kwa mufano: "Mwaka huu kila mupya atapewa yaya mumoja wa kumuonyesha kisima, jikoni na kazi za mikono." Majina yaandikwe na kutundikwa. Nyuma ya majuma mawili mukutane tena. Sheria ya direkta ni ya lazima, lakini usiku direkta hayuko katika chumba. Ninyi muko mule.

6. MAMBO YANAYOPITA NGUVU YETU

Kama mwenzako anakuambia kama mutu mukubwa anamuharibu, ao kama anataka kujiua, usishike siri hiyo peke yako. Usimuahidi kunyamaza. Kaa karibu naye, na muende pamoja kwa mutu mukubwa munayemutumainia. Yule wa kwanza asiposikia, muende kwa mwingine. Kufanya hivi si kusaliti rafiki, ni kumuokoa.

Kwa kumaliza, fimbo inaweza kusimamisha mukono leo. Kubadilisha roho kunaomba mufano muzuri, masikio yanayosikiliza, na neno ambalo mutu ameamua mwenyewe pamoja na wenzake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MADARASA

1. Tabia gani mbaya ya darasa letu iliendelea hata tuliazibiwa? Juu ya nini?
2. Wadogo wetu wamejifunza nini kwetu bila sisi kuwaambia?
3. Chumba chenu kitaamua nini mbele ya wapya kufika, na mutaulizana siku gani?