Mgonjwa Ahamishwapo, Vijidudu Navyo Husafiri

Mtu wa Katelembo akishikwa na ugonjwa mzito hupelekwa kwanza hospitali ya Machakos mjini. Na ugonjwa ukizidi, hutiwa katika gari la wagonjwa akapelekwa Nairobi, mwendo wa kilometa 60 na zaidi. Safari hiyo imeokoa roho za watu wengi, wala hapana sababu ya kuiogopa. Lakini yafaa watu wajue ya kwamba mgonjwa huyo hasafiri peke yake.

Ngozini, puani na matumboni mwa kila binadamu mna vijidudu vingi mno, na vilivyo vingi havina madhara. Katika hospitali, ambamo dawa kama penisilini hutumika kila siku, vijidudu dhaifu hufa, na vile vilivyozoea dawa hubaki vikazaana. Mtu aliyelazwa majuma mawili aweza kuvichukua asihisi lolote. Hana homa, hana usaha, naye hukaa navyo hata miezi kadhaa. Akihamishwa, huviingiza katika nyumba ya pili; na kwa mikono isiyonawiwa, au kwa mpira wa mkojo, vikamfikia jirani yake aliyepasuliwa jana. Huyo ndiye afaye.

Hospitali kubwa katika jambo hili ni kama soko kuu. Hupokea watu wa kila wilaya na kuwarudisha kila wilaya, hivyo kijidudu kilichofika humo hakikawii kufika katika hospitali ndogo.

Kenya ilipata fundisho kali mwezi wa Januari 1980. Mfaransa mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari magharibi ya nchi, alishikwa na homa kali, akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, akafa saa chache baada ya kufika. Daktari Shem Musoke, aliyejitahidi kumwokoa, naye akaugua siku chache baadaye. Damu ilipopimwa ikaonekana kuwa ni homa ya Marburg, jambo ambalo hapana aliyelijua mgonjwa alipopokewa. Daktari akapona. Watu waliowagusa wawili hao walitafutwa na kuangaliwa, wala hapana mwingine aliyeugua.

Huko Uganda, mwezi wa Januari 2025, mwuguzi mmoja wa Kampala alitafuta matibabu mahali mbalimbali, hata Mbale, kabla ya kujulikana ya kuwa ana Ebola ya aina ya Sudan. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 30 Januari, baada ya kifo chake. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 26 Aprili, watu 12 walikuwa wamethibitishwa kuupata.

Kwa Waholanzi, mgonjwa atokaye hospitali ya nchi nyingine hutengwa kwanza katika chumba chake, hupanguswa puani na kooni kwa pamba, na majibu ya maabara hungojwa. Si kila hospitali yenye vyumba vya kutosha kwa jambo hilo. Barua, hata hivyo, haina gharama kubwa. Barua ya kumhamisha mgonjwa yapasa kueleza alilazwa wapi na siku ngapi, alipewa dawa gani, ana vidonda au mipira gani mwilini, na maabara ilipata nini. Daktari apokeaye akiisoma kabla ya kumlaza, aweza kuchagua kitanda cha pembeni na kuwaonya wauguzi.

Jamaa nao wana sehemu yao. Wengi huficha ya kwamba mgonjwa alipitia kwanza kwa mganga wa kienyeji au zahanati ya mtu binafsi, kwa kuona haya au kwa kuogopa kukemewa. Haya hiyo yaweza kumgharimu mgonjwa wa kitanda cha pili, asiyehusika hata kidogo.

Na mgonjwa arudipo Katelembo, zahanati imfungayo kidonda yafaa ionyeshwe karatasi aliyopewa Nairobi siku ile ya kwanza, isiwe imebaki nyumbani ndani ya mkoba wa shangazi yake.