Amana ya Msimulizi: Dhana ya Uaminifu katika Mjadala wa Vitabu na Tamthiliya za Runinga, kwa Kurejelea Hadhira ya Kasulu na Kibondo

1.0 Utangulizi

Hadithi inapohamishwa kutoka kitabuni hadi kwenye runinga, hadhira huuliza swali moja: je, iliyoonyeshwa ndiyo iliyoandikwa? Swali hili lilizua ubishi mkubwa kuhusu Game of Thrones, tamthiliya ya kifantasia iliyorushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia Aprili 2011 hadi Mei 2019 kwa vipindi 73. Tamthiliya hiyo ilitokana na riwaya za George R. R. Martin, ambazo ya kwanza ilichapishwa mwaka 1996. Waliosoma riwaya walijiona kuwa walinzi wa hadithi. Wasiozisoma walidai haki ya kuihukumu tamthiliya kwa yale waliyoyaona.

Makala haya yanauchunguza mjadala huo kwa jicho la isimu. Hayakusudii kuamua ni upande upi ulio sahihi. Yanakusudia kuonyesha kwamba maneno yatumiwayo na wasemaji wa Kiswahili kuhukumu usimulizi yamebeba nadharia inayoweza kuufafanua mjadala huo. Eneo la rejea ni Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, ambako, kama ilivyo katika miji mingine midogo ya Tanzania, mtu anaweza kuipokea sinema ya kigeni kwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili bila kuwa na matini ya awali mkononi.

2.0 Neno ‘Uaminifu’ na Jamaa Zake

Katika taaluma ya tafsiri, uaminifu huelezwa kwa kawaida kama uhusiano kati ya matini chanzi na matini lengwa. Istilahi hizi mbili zimezoeleka kwa wanafunzi, hasa tangu kilipotoka kitabu cha Mwansoko cha mwaka 1996. Hata hivyo, matumizi ya kawaida ya neno lenyewe yanaonyesha jambo jingine. Uaminifu umenyambuliwa kutokana na kitenzi amini, chenye asili ya Kiarabu, na ni jamaa wa imani, amani na amana. Katika mazungumzo ya kila siku mtu huwa mwaminifu kwa mtu mwenziwe: kwa mwenzi wake wa ndoa, kwa tajiri wake, kwa rafiki. Kishazi “mwaminifu kwa kitabu” ni cha kitaalamu zaidi kuliko cha mitaani.

Neno amana ndilo linalotoa ufunguo. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine ili aitunze. Dhana hii inahitaji wahusika, si matini tu: yupo mwenye mali, na yupo aliyekabidhiwa. Katika usimulizi huongezeka mhusika wa tatu, yaani hadhira, ambayo nayo humwamini msimulizi kwamba anachowapa ndicho alichokabidhiwa. Kwa hiyo swali la uaminifu lina pande mbili: msimulizi amemtendea nini mwenye hadithi, na amewatendea nini wasikilizaji?

3.0 Kukata, Kutia Chumvi na Kupotosha

Kiswahili hutofautisha makosa ya msimulizi kwa vitenzi. Matatu kati ya makosa hayo yanatosha kwa mjadala huu.

(a) Kukata, au kuruka, ni kupunguza. Katika riwaya ya tatu ya Martin, iliyochapishwa mwaka 2000, Catelyn Stark anauawa harusini na baadaye anarudi akiwa mzuka wa kulipiza kisasi. Tamthiliya ilimwacha kaburini. Wasomaji wengi walinung’unika, lakini mtazamaji asiyesoma hakuona pengo lolote.

(b) Kutia chumvi ni kuongeza. Katika riwaya ya pili binti Arya hamtumikii Tywin Lannister. Katika tamthiliya anakuwa mnyweshaji wake, na mazungumzo yao yaliwapendeza hata wasomaji wengi. Ikumbukwe kwamba chumvi si sumu. Nahau hii hulaumu kiasi tu, kwani hakuna mpishi anayelaumiwa kwa kuweka chumvi.

(c) Kupotosha ni kosa la aina nyingine. Kitenzi hiki kina uhusiano na potea na potoka, na kimebeba maana ya usababishi: anayepotosha humwondoa mwenziwe katika njia. Hapa anayedhurika zaidi ni msikilizaji kuliko matini.

Tofauti hii inaonekana wazi katika kazi ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze (1952), ambayo kiini chake kinapatikana katika Alfu Lela Ulela. Katika kisa cha awali, Abdallah bin Fadhil wa Basra huwapiga mbwa wawili kila usiku, nao ni ndugu zake waliogeuzwa na jini. Kwa Shaaban Robert mbwa wamekuwa manyani, Basra imekuwa Janibu, Harun Rashid amekuwa Mfalme Rai, na ndugu wamepewa majina ya Hasidi na Mwivu. Mabadiliko ni mengi, lakini mkufu wa sababu na matokeo umebaki: husuda inazaa usaliti, usaliti unazaa adhabu, na aliyesalitiwa analazimika kuitekeleza adhabu hiyo kwa uchungu. Shaaban Robert amebadili sana bila ya kupotosha.

4.0 Hadhira ya Kasulu na Kibondo

Lugha ya wenyeji wa Kasulu na Kibondo ni Kiha, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimo katika kundi moja na Kirundi (D.66 na D.62). Aidha, kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996 na kutoka Burundi tangu 2015. Nayo Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Hivyo Kiswahili kinachosikika katika eneo hili kina sauti zaidi ya moja, na kinawakutanisha watu wasio na lugha moja ya nyumbani.

Katika ngano za jadi, kama zile ziitwazo imigani kwa Kirundi, hadhira kwa kawaida huijua hadithi kabla ya fanani kufungua kinywa. Mulokozi (1989) amesisitiza nafasi ya fanani, hadhira na tukio katika fasihi simulizi. Hadhira ya namna hiyo ni mlinzi wa amana: fanani akiruka, hukumbushwa, akitia chumvi, huchekwa au hushangiliwa. Kila nyongeza huonekana kuwa nyongeza.

Katika banda la video hali hubadilika. Wasimulizi wa sinema wa Tanzania, ambao Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa wanaojulikana zaidi, hurekodi sauti yao juu ya sinema, wakifasiri, wakieleza na kutania. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings ameulinganisha ufundi huo na kugeuza wali kuwa pilau. Mfano huo unafaa, ila una sharti moja: mlaji wa pilau anajua kwamba hali wali mtupu. Mtazamaji asiyejua Kiingereza hawezi kutenga maneno ya mhusika na maneno ya msimulizi. Shahidi wake wa pekee ni picha.

Hata shahidi huyo huweza kutiliwa shaka. Katika istilahi ya watazamaji wa Kiswahili, mhusika mkuu ni “staringi”, na hutazamiwa kwamba staringi hafi mapema. Katika kipindi cha tisa cha Game of Thrones, Ned Stark anakatwa kichwa, kama ilivyo katika riwaya ya kwanza. Mtazamaji aliyezoea kanuni ya staringi anaweza kudhani kwamba msimulizi amekosea au mkanda umekatwa. Hapa uaminifu kamili kwa kitabu unapokewa kama kosa. Anayebisha hivyo hapaswi kudharauliwa kuwa ni mjinga. Anatumia kipimo alicho nacho.

5.0 Pale Kitabu Kinapokosekana

Riwaya ya tano ya Martin ilitoka mwaka 2011, na ya sita haikuwa imetoka hadi tamthiliya ilipofika tamati. Tangu msimu wa sita, mwaka 2016, tamthiliya iliyapita masimulizi yaliyochapishwa. Wasomaji waliozoea kushika kitabu kama mizani wakajikuta katika nafasi ya mtazamaji wa Kasulu: hawakuwa na matini ya kulinganishia, isipokuwa picha na hisi yao ya mantiki.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ubishi haukukoma, ulizidi. Msimu wa nane, wenye vipindi sita tu ilhali misimu sita ya mwanzo ilikuwa na kumi kila mmoja, ulisababisha watu zaidi ya milioni moja kutia saini ombi la kutaka utungwe upya. Lawama kubwa ilikuwa kwamba Daenerys anauteketeza mji uliokwisha kusalimu amri bila ya hadhira kuandaliwa vya kutosha. Hilo si lalamiko la kukata wala la kutia chumvi. Ni lalamiko la kupotosha: msimulizi aliondoka njiani na kuwaacha waliomwamini.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uaminifu wa kisimulizi ni amana kati ya watu watatu: mwenye hadithi, msimulizi na hadhira. Kukata na kutia chumvi ni mambo ya kiasi. Kupotosha ni kuvunja mkufu wa sababu na matokeo. Kwa upande wa mwenye hadithi, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitambua tafsiri kuwa haki ya mtunzi. Upande wa hadhira haujapata mtetezi wa namna hiyo, na hapo ndipo wajibu wa msimulizi unapokuwa mzito zaidi: kadiri hadhira inavyokosa njia ya kuhakiki, ndivyo inavyompasa kuionyesha chumvi yake kuwa ni chumvi.

Kwa watafiti, matokeo yake ni kwamba mabishano ya mabanda ya video yanastahili kukusanywa na kuchambuliwa kama uhakiki. Asiye na kitabu hakukosa kipimo. Anacho katika lugha yake, na kipimo hicho ndicho walichokirudia wasomaji wa Martin vitabu vyao vilipoishia njiani.