Maneno ya Kutisha Kompyuta Inapoamka

Wenzangu wa vidato vya chini huniuliza kwa nini kompyuta za maabara yetu, zitumiazo Linux, hutoa mistari ya makosa zikiwashwa, kisha zikaenda sawasawa kama kwamba hapana jambo. Nimeona heri niwajibu hapa.

Mistari hiyo hutoka katika kiini cha Linux, kazi iliyoanzwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini hukagua kila kifaa na kutangaza yote kinayoyaona. Makosa ya ACPI mara nyingi hutokana na programu iliyotiwa kiwandani ndani ya bodi. Kompyuta ikifanya kazi vema, yaache.

Lakini hapa Kigoma umeme ukikatika, na betri ndogo ya bodi imekufa, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka mingi. Basi Linux huweza kulalamika kwamba diski iliandikwa siku ambayo haijafika. Wala haisemi uongo! Dawa ni betri ya CR2032, ya volti 3, mfano wa sarafu, si kufuta diski na kuweka Linux upya, kama wengi wanavyokimbilia.

Ujumbe wa kuhofia ni “I/O error” pamoja na jina la diski, kama sda. Hapo diski au waya wake pengine unaharibika. Nakili kwanza kazi za watu mahali pengine; ndipo uandike sudo dmesg --level=err, usome taratibu. Mwezi wa pili tulinakili mazoezi yote ya Kidato cha Nne Ijumaa jioni. Jumatatu diski ile haikuonekana tena.