Kabla ya Kufunga Matairi Makubwa: Fahamu Gia za Difu

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne ni chombo cha kazi. Hubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka machimboni hadi kwenye karasha, hupeleka dizeli na vyakula Kakola, Nyarugusu na Rwamgasa, na wakati wa mvua hupita katika udongo mweusi wa mbuga ambao hunasa magari mengi. Ndiyo maana wamiliki wengi huinua gari na kulifunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Jambo ambalo mlaji haelezwi mara nyingi ni kwamba tairi likibadilika, gia zilizomo ndani ya difu nazo huenda zikahitaji kubadilishwa. Somo hili linaeleza sababu, hesabu yake, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa.

Kazi ya difu

Difu ni kasha la chuma lililo kwenye ekseli. Ndani yake, gia ndogo iitwayo pinioni huzungushwa na propela, nayo huzungusha gia kubwa iitwayo krauni, ambayo hupeleka nguvu kwenye magurudumu. Krauni yenye meno 41 ikizungushwa na pinioni yenye meno 10, uwiano wake ni 4.10. Maana yake, propela huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, hivyo injini hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi kwa mzunguko uleule. Dalili zake ni hizi: gari huwa zito kuondoka, klachi huungua mapema, gia ya juu haivuti, na mafuta hutumika zaidi. Kufunga gia za difu zenye uwiano mkubwa zaidi hurudisha uvutaji wa awali.

Hesabu ya kufanya

Gawanya kipenyo cha tairi jipya kwa kipenyo cha tairi la kiwandani, kisha zidisha kwa uwiano wa difu uliopo. Tuchukue gari lenye matairi ya inchi 31 na difu ya 4.10, ambalo mmiliki anataka kulifunga matairi ya inchi 35:

35 ÷ 31 = 1.13
1.13 × 4.10 = 4.63

Gia zinazotengenezwa zilizo karibu na namba hiyo ni 4.56 (meno 41 kwa 9) na 4.88 (meno 39 kwa 8). Anayebeba mizigo mizito kwenye njia mbovu hufaidika zaidi na 4.88; anayesafiri sana kwenye lami hutosheka na 4.56. Tofauti ya tairi ikiwa ndogo, mathalani isiyozidi asilimia 5, magari mengi huendelea na kazi bila kubadilishwa difu.

Hesabu hiyohiyo inagusa spidomita. Kabla difu haijabadilishwa, gari la mfano wetu likionyesha kilomita 50 kwa saa, mwendo halisi ni zaidi ya 56. Dereva anaweza kuvuka kikomo cha kilomita 50 cha maeneo ya makazi bila kujua. Vilevile, kilomita 1,000 zinazoonyeshwa ni takribani 1,130 barabarani. Anayekodisha gari kwa kilomita hupoteza malipo ya kilomita 130, na oili hubadilishwa kwa kuchelewa.

Yasiyoponywa na difu

Gia mpya haziongezi nguvu ya breki. Tairi kubwa huhitaji nguvu zaidi kusimamishwa, na uwezo wa breki hubaki uleule. Gari lililoinuliwa pia huwa rahisi kupinduka, hasa likibeba mzigo au watu nyuma. Aidha, katika magari ambayo spidomita husoma mwendo kutoka kwenye magurudumu, kubadilisha difu hakurekebishi kosa lake. Lazima spidomita yenyewe ipimwe upya.

Kabla ya kulipa

1. Omba bei ya kazi nzima kwa maandishi: kuinua gari, matairi, gia za difu zote mbili, oili na ufundi. Bei ya matairi peke yake isikushawishi.

2. Usikubali kubadilishiwa difu ya nyuma pekee kwa kupunguza gharama. Difu ya mbele na ya nyuma zikiwa na uwiano tofauti, siku utakapounganisha magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu zitashindana, na kitakachovunjika ni gia, propela au kasha la kugawa nguvu.

3. Hakikisha krauni na pinioni ni jozi moja. Hutengenezwa pamoja na hubadilishwa pamoja. Ukinunua za mtumba, usichanganye krauni ya difu moja na pinioni ya nyingine.

4. Muulize fundi atapimaje nafasi kati ya meno. Kazi hii huhitaji saa ya kupimia na rangi ya kuonyesha mahali meno yanapogusana. Fundi anayesema atakadiria kwa mkono, mwache.

5. Baada ya kazi, endesha kwa upole bila mzigo mzito kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo, kisha badilisha oili ya difu. Ukisikia mvumo unaobadilika unapokanyaga au kuachia mafuta, rudisha gari mapema.

6. Iarifu kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo kwa maandishi, ili dai lako lisije likakataliwa.

Kwa wamiliki wengi tunashauri njia nafuu zaidi: kubaki na kipimo cha kiwandani, kuchagua tairi lenye meno ya tope, na kutumia gia za nguvu panapoteleza.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza biashara ya bidhaa bandia, vipuri vikiwemo. Dai risiti ya kielektroniki inayotaja kipuri na uwiano wake, na tunza gia za zamani pamoja na vifungashio vya gia mpya. Ukiuziwa kisichofanana na kilichoandikwa, mwendee kwanza muuzaji. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo hivyo.

Zoezi

Gari lina matairi ya inchi 30 na difu ya 3.90. Mmiliki anataka matairi ya inchi 33. Difu inayofaa ni ipi? (Jibu: 33 ÷ 30 × 3.90 = 4.29. Atafute gia za 4.30, mbele na nyuma.)