Betri Mbili za Sola: Mfululizo au Sambamba?



Kituo cha umeme wa maji cha Hale, cha mwaka 1964, na kile cha New Pangani Falls, cha mwaka 1995, vyote viko jirani na Segera. Hata hivyo, ukiiacha njia panda hiyo ya Dar es Salaam, Moshi na Tanga ukaingia mashambani, bado utakuta nyumba zinazoangazwa na sola. Mwenye nyumba akishanunua betri ya pili humuuliza fundi: niiunge vipi nipate umeme mwingi zaidi?

Jibu huwashangaza wengi. Umeme uliohifadhiwa ni ule ule, uunge vyovyote.

Chukua betri mbili za volti 12, kila moja ya ampia-saa 100. Kuunga mfululizo ni kufunga chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, kisha kutumia ncha mbili zilizobaki: unapata volti 24, ampia-saa 100. Kuunga sambamba ni chanya kwa chanya, hasi kwa hasi: volti 12, ampia-saa 200. Zidisha mwenyewe, kote ni wati-saa 2,400. Anayekuambia kwamba mfululizo unaongeza umeme anakuuzia maneno.

Kinachobadilika ni mkondo unaopita kwenye waya. Mzigo wa wati 600 kwenye volti 12 huvuta ampia 50. Kwenye volti 24 huvuta ampia 25 tu. Mkondo ukipungua nusu, umeme unaopotea kuwa joto katika waya ule ule hushuka hadi robo. Mwenye friji la soda na waya mrefu ana sababu ya kuchagua volti 24. Mwenye taa nne na redio abaki na 12, maana taa ya volti 12 ukiipa 24 inaungua. Kabla ya kununua chochote, soma kibandiko cha inveta na cha chaji kontrola: lazima vikubali volti unazotaka.

Usichanganye betri mpya na kuukuu

Hapa ndipo watu hupoteza fedha. Katika mfululizo, mkondo mmoja hupita kwenye betri zote mbili: iliyochoka huisha mapema, huku mpya ikiendelea kuisukuma hadi iharibike kabisa; na wakati wa kuchaji, mgawanyo wa volti huyumba na moja huchemka mpaka ikauke maji. Katika sambamba, mpya huimwagia kuukuu umeme wake usiku kucha, hata kama taa zote zimezimwa. Nunua mbili pamoja, za aina moja na ukubwa mmoja, na uchaji kila moja peke yake hadi ijae kabla ya kuziunganisha.

Ukiunga sambamba, toa waya wa chanya kwenye betri ya kwanza na wa hasi kwenye ya pili, ili zote zifanye kazi sawasawa. Mafundi wengi huruka hatua hii. Kila betri iwe na fyuzi yake.

Kwa paneli, angalia kivuli. Paneli mbili zikiwa mfululizo, mwembe ukiifunika moja, nyingine nayo huweza kudhoofika. Zikiwa sambamba, iliyo juani huendelea. Paneli ya mfumo wa volti 12 ikiwa haina mzigo hufikia takriban volti 21, hivyo mbili mfululizo ni zaidi ya 40. Kontrola isiyohimili kiwango hicho itakufa.

Wakati wa kufunga, anza na betri kwenye kontrola, kisha paneli. Wakati wa kufungua, tanguliza paneli. Vua pete na saa. Spana ikigusa ncha zote mbili huwa nyekundu kwa moto, na gesi inayotoka kwenye betri inayochajiwa hulipuka kwa cheche. Kwa hiyo betri isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko.

Betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani kutafuta risasi: vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Mpe mnunuzi wa betri chakavu ikiwa nzima, asidi ikiwa ndani.